Tulimfundisha Bibi Mdogo Mazoezi Yasiyomfaa

Masika ya mwaka 2019 yalituachia msiba nyumbani. Bibi yetu, mama mzaa baba wa watoto wetu, alitoka jikoni alfajiri kwenda kumwaga maji ya vyombo. Akina mama mnaoishi milimani mnaujua udongo mwekundu wa huku kwetu Kwamkoro, juu ya Muheza, jirani na Amani. Ukinyeshewa huwa kama sabuni. Aliteleza hatua tatu tu kutoka mlangoni. Tulipomfikia, mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Sisi tuliosomea uuguzi hatukuhitaji kuambiwa na mtu. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Alifungwa kwenye ubao, akateremshwa mlima kwa gari lililokuwa linakwenda mjini, akalazwa, akarudi. Hakutembea tena. Tulimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, tukamzuia asipate vidonda, lakini mapafu hatukuweza kuyazuia. Nimonia ilimchukua mwezi wa Septemba.

Baada ya mazishi, mdogo wake, ambaye sote tunamwita Bibi Mdogo, alibaki kwetu. Siku moja alitutazama tukifagia njia ile ile ya jikoni akasema, "Wanangu, mimi nami nitapita njia ya dada yangu. Magoti haya hayanisikii tena." Maneno yale yalituchoma. Tukasema moyoni, huyu hataanguka. Katika haraka hiyo ya upendo ndipo tulipofanya kosa tunalotaka kuwasimulia leo.

TULIVYOIFAHAMU TAICHI

Wengi mmewahi kuiona taichi hata kama hamkujua jina lake. Ni mazoezi ya Kichina ambayo mtu husogea polepole, mikono ikielea kama aliye ndani ya maji, uzito ukihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Sisi tuliiona kwa mara ya kwanza tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya mkoa. Serikali ya China imekuwa ikileta madaktari Tanzania Bara tangu mwaka 1968, na pale hospitalini walikuwapo. Mmoja wao, mzee wa makamo, alitoka kila asubuhi kabla ya zamu, akasimama nyuma ya wodi chini ya mwembe, akafanya mambo yake kwa dakika tano au sita, kisha akavaa koti jeupe akaingia kazini. Sisi wasichana tulijificha dirishani tukicheka. Tulisema daktari anafukuza nzi waliolala.

Miaka ikapita. Tulipoolewa, tukazaa, tukaanza kuhudumu katika kikundi cha akina mama cha usharika kinachotembelea wazee, tukasoma kwamba mazoezi yale tuliyoyacheka huwasaidia wazee wasianguke. Hayo hayakuwa maneno ya wauza dawa sokoni. Mwaka 2018 huko Oregon, Marekani, mtafiti Fuzhong Li na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watu 670 wenye miaka 70 na zaidi, waliokwisha kuanguka au waliokuwa hatarini kuanguka. Waliofanya taichi iliyorekebishwa kwa ajili ya wazee, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, walianguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wazee wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Bibi yetu, kwetu sisi, alikuwa mmoja wa hao.

KOSA LETU

Katika mwezi wa Januari mwaka 2020 kijana mmoja wa kwaya alituonyesha katika simu yake picha za video za wazee wa Kichina wakifanya taichi. Walishuka chini hadi paja likalala sambamba na ardhi, wakazunguka kiuno, wakatulia, mara wakakanyaga ardhi kwa kishindo na kurusha ngumi. Chini yake paliandikwa kwamba hiyo ndiyo taichi ya asili.

Neno hilo "asili" lilitushika. Huku kwetu tumezoea kwamba cha asili ndicho chenye nguvu. Asali ya asili, kuku wa asili, mbegu ya asili. Tukaona kwamba kama tunamtafutia Bibi Mdogo dawa, basi tumtafutie iliyo kamili, si iliyochujwa. Tulimsimamisha uani, tukamshika mikono, tukamwambia, "Shuka kidogo tena, Bibi. Kidogo tena." Naye, kwa kututii, alishuka.

Wiki ya tatu goti lake la kushoto lilivimba kama papai. Lilikuwa la moto, na hakuweza kulikunja. Tulimpeleka hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alilishika goti, akalisikiliza likilia kama mchanga, akauliza, "Bibi, umefanya kazi gani?" Bibi Mdogo akajibu kwa fahari kwamba wakwe zake wanamfundisha mchezo wa Wachina. Yule kijana akainua macho. Sisi tulikuwa tumesimama pale na sare zetu za uuguzi mwilini, tumetoka zamu. Hatukuwa na la kusema.

Hakutugombeza. Alieleza tu, kama anayefundisha mwaka wa kwanza, kwamba gegedu la goti la mzee huyu limekwisha kulika, na kadiri mtu anavyochuchumaa chini ndivyo mzigo wa goti unavyozidi. "Taichi inafaa," alisema, "lakini mmempa ipi?" Swali hilo ndilo lililotufanya tutafute na kusoma. Tulikuwa hatujui kwamba ziko nyingi.

ZA JADI

Wanahistoria wengi huanzia katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, katika karne ya 17. Pale aliishi Chen Wangting, aliyekuwa askari, na ukoo wake ukatunza namna ya kupigana kwa mikono na silaha. Mtindo huo huitwa Chen. Una miguu iliyoshuka chini, mwili unaojisokota kama uzi unaovutwa, mwendo wa polepole unaokatizwa na nguvu ya ghafla, na vishindo vya miguu. Mfululizo wao wa kwanza una hatua zaidi ya 70. Yale tuliyoyaona kwenye simu ndiyo hayo. Yaliundwa na wanaume wa shamba, yafundishwe vijana wa shamba, ili waweze kujilinda. Hayakuundwa kwa ajili ya mjane wa miaka 74 mwenye magoti yaliyolika.

Kisha akaja Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 na kufa mwaka 1872. Alijifunza kwa ukoo wa Chen, akaupeleka ufundi huo Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyeishi mwaka 1883 hadi 1936, ndiye aliyeueneza kwa watu wa kawaida. Aliufanya mwendo uwe wa taratibu na wa kasi moja, bila kuruka wala vishindo. Mfululizo mrefu wa Yang una hatua 85, au 103, au 108, kulingana na mwalimu anavyozihesabu, na kuumaliza huchukua kama dakika 20 hadi 30. Ipo mitindo mingine ya jadi, miwili ikiitwa Wu na mmoja ukiitwa Sun. Huu wa Sun uliasisiwa na Sun Lutang, nao husimama juu zaidi, na mguu wa nyuma hufuata wa mbele kwa hatua fupi fupi.

Tazameni jambo hili, akina mama. Mtindo wa Yang Chengfu leo huitwa wa jadi. Lakini katika siku zake, mzee wa Chenjiagou angeutazama na kuona kwamba umelegezwa. Kumbe hata cha asili kilikuwa kipya siku moja, na kilibadilishwa na mtu aliyewatazama wanafunzi wake akaona wanaweza nini.

Katika mitindo ya jadi mtu hajifunzi hatua peke yake. Yuko mwalimu anayekutazama miaka na miaka, anayekugusa bega na kukwambia hapa umebana pumzi. Yako mazoezi ya kusimama tu bila kusogea. Yako mazoezi ya upanga. Na yako mazoezi ya watu wawili yanayoitwa kusukumana mikono, ambapo mnagusana viganja na vifundo, mmoja anasukuma polepole, mwingine anajifunza kupokea bila kuyumba. Tutalirudia hili.

ZA KISASA

Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China iliwakusanya walimu ili watengeneze mfululizo mfupi ambao kila mtu angeweza kujifunza. Walichukua mtindo wa Yang, wakaondoa hatua zinazorudiwarudiwa, wakapanga zilizobaki kutoka nyepesi kwenda ngumu. Zikawa hatua 24. Huchukua kama dakika tano au sita. Ulipelekwa mashuleni, viwandani na kwenye bustani za miji. Tuliposoma hayo tulitazamana. Dakika tano au sita, chini ya mwembe, nyuma ya wodi! Yamkini daktari wetu alikuwa akifanya hizo hatua 24.

Aina ya pili ya kisasa ni ya mashindano. Mwaka 1989 walitengeneza mfululizo wa hatua 42 unaochanganya mitindo ya Chen, Yang, Wu na Sun, ili wachezaji wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Huko waamuzi hutazama urefu wa hatua, mguu ulioinuliwa na kutulia, uzuri wa mwili. Ni jambo la kupendeza kutazama, lakini ni kazi ya vijana waliolainishwa viungo tangu utotoni.

Aina ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi wenye wazee na wagonjwa. Ni taichi ya afya. Mwaka 1997 daktari mmoja wa Australia, Paul Lam, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na viungo, alitengeneza mfululizo mfupi kwa ajili ya wenye maumivu ya viungo. Alichagua mtindo wa Sun, kwa sababu ule hausimami chini. Na ile ya Oregon tuliyoitaja ilichukua hatua nane tu kutoka zile 24, ikazirekebisha, na mzee anaweza kuanza akiwa ameshika kiti au hata ameketi. Mwaka 2016 huko Marekani utafiti mwingine wa watu 204 wenye magoti yaliyolika ulionyesha kwamba wiki 12 za taichi ziliwapunguzia maumivu sawa na waliotibiwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo.

Mnaona basi kwamba swali halikuwa ipi ya kweli na ipi ya uongo. Swali lilikuwa lile la yule kijana wa hospitali. Mmempa ipi? Sisi tulichukua nguo ya askari tukamvika Bibi.

Hata zile 24 zina hatua moja ya kushuka chini kabisa, inayoitwa nyoka anatambaa, ikifuatwa na jogoo anayesimama kwa mguu mmoja. Kijana mwenye magoti mazima ataifurahia. Mzee aiache. Neno "kisasa" nalo lisitutie usingizi kama lile "asili" lilivyotulaghai.

Huku tunakolima chai jambo hili ni rahisi kulielewa. Mchumaji wa mkono huchagua majani mawili na kichipukizi. Mwenye mkasi maalumu wa kuchumia huvuna haraka, hulisha kiwanda, lakini mkasi hauchagui. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba mmoja wao si mchuma chai. Ila ukishika mkasi, lazima ujue nini kitakosekana kapuni.

KILICHOKOSEKANA KAPUNI

Goti la Bibi Mdogo lilipopona tulianza upya na zile hatua chache za wazee. Tulianzia nyuma ya kiti. Akahamisha uzito kwenda kulia, akatulia, akahamisha kwenda kushoto. Mguu mmoja umejaa, mwingine mtupu. Huo ndio msingi wa taichi zote, za jadi na za kisasa. Hauweki uzito kwenye mguu mpaka mguu umepata ardhi.

Tulipomweleza hivyo alicheka mpaka akashika ubavu. "Wanangu, hilo ndilo la kunifundisha? Mimi nimeteremka mlima huu na mzigo wa kuni tangu sijavunja ungo. Ukitia uzito kabla kisigino hakijaonja udongo, utafika chini kabla ya kuni." Ama kweli, alikuwa anajua! Alikuwa ameacha tu kutembea hivyo, kwa woga. Tangu dada yake aanguke, alikuwa akiburuza nyayo na kukaza magoti, na mwenye kukaza ndiye anayeteleza. Kazi yetu ilikuwa kumrudishia alichokuwa nacho.

Baada ya miezi miwili alijua hatua zote nane. Mikono yake ilipita kama mawingu kweli kweli. Lakini tuliona jambo. Alisimama vizuri palipo sawa, peke yake, kimya. Mbuzi akimgusa, au mtoto akimkimbilia kumkumbatia, aliyumba. Mfululizo wa kisasa ulikuwa umemfundisha kusogea, haukumfundisha kuguswa.

Hapo tukaikumbuka ile ya jadi ya kusukumana mikono. Tulimweka ukuta nyuma yake na kiti pembeni. Mmoja wetu akasimama mbele yake, mwingine ubavuni tayari kumshika. Tukagusanisha viganja, tukasukuma kidogo sana, kama unavyosukuma mlango wa chumba alimolala mtoto. Asirudishe kwa nguvu. Alegeze goti kidogo, apokee, ahame, arudi katikati. Mwanzo alikunja uso. Baadaye akawa anatusukuma yeye.

Siku moja katikati ya zoezi alinyamaza, akakishika kiganja cha mkwewe asikiachie. Akasema tangu mumewe afariki, watu humgusa wanapompa dawa au wanapomwinua tu. Hatukujua la kujibu. Sisi ndio tuliokuwa tukimpa dawa na kumwinua. Miaka yote tumefundishwa kumgeuza mgonjwa kitandani, na tulikuwa tumesahau kwamba mzee ana kiganja.

SWALI LA IMANI

Habari zilipoenea, mama mmoja wa kikundi chetu alisimama katika mkutano akauliza kama hatuleti dini ngeni usharikani. Lilikuwa swali la haki na tulimshukuru. Tulijibu tunavyojua. Taichi ilizaliwa katika nchi yenye mawazo yake, na mafundisho ya Kitao kuhusu yin na yang, yaani kigumu na laini, kilichojaa na kitupu, yako katika jina lake na maelezo yake. Walimu wengine wa jadi huyafundisha pamoja na hatua. Mfululizo wa mwaka 1956 uliandaliwa na watu wa michezo, kwa ajili ya afya. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Mama Mchungaji aliuliza neno moja tu. "Bibi anapohamisha uzito, anaombwa kumwabudu nani?" Tukasema hakuna. Akasema, "Basi kila mmoja na dhamiri yake." Akina mama wawili hawakuja, nasi hatukuwasema. Waliokuja walikubaliana kwamba tungefanya mazoezi tu, na kama mwalimu yeyote akituletea ibada tutamwambia asante, tutaondoka.

UKITAKA KUANZA NYUMBANI

Mama mwenzetu, kama una mzee au wewe mwenyewe magoti yameanza kukusemesha, zingatia haya ambayo sisi tuliyajua kwa kuumia.

Kwanza, mzee apimwe. Mwenye presha isiyotulia, kizunguzungu, goti lililovimba, au aliyevunjika mfupa karibuni, asianze bila ruhusa ya daktari. Dawa zake asiziache.

Pili, uliza mtindo. Ukionyeshwa video au ukimpata mwalimu, tazama miguu kabla ya mikono. Je, wanashuka chini kiasi gani? Je, wanakanyaga kwa kishindo? Kwa mzee chagua za kusimama juu, hatua fupi, na mfululizo mfupi. Goti lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea, wala lisivipite vidole.

Tatu, anzia nyuma ya kiti kizito kisichoteleza, mahali pakavu, viatu vya soli ya chini vinavyokaza mguu. Kandambili hazifai. Dakika kumi zinatosha mwanzoni. Maumivu makali ya goti ni amri ya kuacha siku hiyo, si alama ya kwamba dawa inafanya kazi. Sisi tulimwambia Bibi Mdogo avumilie, na tulikosa.

Nne, pumzi isibanwe. Ukimwona anafunga mdomo na kukaza mabega, mwambie aimbe polepole. Anayeimba hawezi kubana pumzi.

Tano, usitegemee video peke yake. Video haioni goti la mama yako. Hilo ndilo jambo ambalo walimu wa jadi walilijua. Mwalimu mzuri wa mtindo wowote ni yule anayemtazama mwanafunzi kuliko anavyojitazama mwenyewe.

Na mwisho, taichi haizibi shimo lililo mlangoni. Kabla ya yote tuliweka mawe bapa kutoka jikoni hadi mahali pa kumwagia maji, tukafunga fito ya kushikia. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi moja. Laiti tungeifanya kabla ya masika ya mwaka 2019.

MAWE YA JIKONI

Hatutaki mdhani Bibi Mdogo amekuwa msichana. Magoti yake bado yamelika, gegedu halikuota upya, na bado anatembea na mkongojo. Siku za baridi, ukungu unapolala juu ya mashamba ya chai hadi saa nne, hashuki kitandani mapema.

Lakini katika masika ya mwaka 2021, tulikuwa jikoni tukisonga ugali tukasikia kishindo kidogo nje. Sote tuliacha miiko tukakimbia, kila mmoja akiwaza kile kile. Bibi Mdogo alikuwa amesimama kwenye mawe bapa. Mguu mmoja ulikuwa umeteleza hadi kwenye tope, mwingine umeshika. Mkono mmoja uko kwenye fito. Sufuria ndiyo iliyoanguka, inabingirika kuteremka mlima.

Alitutazama tulivyohema, akasema, "Mnakimbilia nini? Kifuateni kile chombo. Mimi nipo."

Tulikimbilia sufuria. Mmoja wetu alikaa chini huko mtaroni, kwenye tope, akalia. Alimlilia Bibi mkubwa, kisha akafuta uso kwa kanga, akarudi kumalizia ugali.